Wamenikubali kwenye mkutano wa wakutubi Nairobi, wananiita Dokta, na mimi ni msaidizi wa ofisi tu

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu lisitoke wala jina la shule, Tanga yetu unaijua, ukikohoa Chuda wanakupa pole Ngamiani. Nina miaka 26, nafanya kazi shule moja ya msingi ya binafsi, kwenye mkataba nimeandikwa msaidizi wa ofisi, yani kuchapa mitihani, kutoa kopi, na kupokea wazazi wanaokuja kulalamikia ada. Maktaba ilinijia tu. Mwaka juzi mwalimu aliyekuwa anashika funguo aliondoka, funguo zikaletwa mezani kwangu, nikaambiwa shika kwanza tunatafuta mtu, mpaka leo huyo mtu hajatafutwa.

Kusema ukweli haikuwa maktaba, ilikuwa stoo. Maboksi ya vitabu vya msaada kutoka Ulaya, kimoja kinafundisha kutunza bustani wakati wa theluji, viti vilivyovunjika miguu na ngoma ya skauti iliyopasuka. Nikatoa takataka, nikafagia, nikatandika mkeka, alafu Ijumaa baada ya chakula nikaanza kuwasomea hadithi watoto wa darasa la kwanza na la pili. Walianza sita. Sa hivi wanajaa mpaka wengine wanasikilizia dirishani kwa nje na mwalimu wa zamu ananigombeza kwamba nawachelewesha usafi.

Sasa vitabu vikaanza kupotea na kuchanganyika, nikaingia kwenye simu kutafuta wenzetu wanapangaje, ndo nikakutana na namba za Dewey, kila aina ya kitabu ina namba yake inayobandikwa mgongoni mwa kitabu. Nikakesha nazo. Hadithi za kale, zile za sungura na fisi, zinakwenda 398.2, vitabu vya fasihi ya Kiswahili vinakwenda 896.392. Nikakata lebo, nikaandika kwa mwandiko mzuri, kuja kubandika nagundua vitabu vya watoto havina mgongo! Ni karatasi kumi na sita zimepigwa pini katikati, hiyo 896.392 utaibandika wapi? Na utamwambia nini mtoto wa darasa la kwanza ambaye ndo kwanza anahesabu mpaka ishirini? Bas nikaenda kwa fundi cherehani wa jirani akanipa vipande vya vitenge, nikakata vidogo vidogo nikabandika kwenye kona ya jalada, na kipande kile kile kwenye rafu. Kitenge cha njano ni vitabu vya picha na mstari mmoja mmoja, cha kijani vina maneno kiasi, cha zambarau ni vile vya kusoma mwenyewe mpaka mwisho. Hawaulizi tena Anti. Wanachukua wanarudisha wenyewe. Kuna mtoto mmoja kusoma kulikuwa kunampiga chenga kabisa, huyo ndo anazipanga rafu kuliko mimi, na akikuta cha njano kimewekwa kwenye kijani anakuja kunisemea kama vile nimeiba.

Hapo ndo nikajua kuna kazi inaitwa mkutubi wa watoto na nikajua hiyo ndo kazi ninayoitaka maisha yangu yote.

Mwezi wa pili dada mmoja kwenye grupu la wasap alitupia tangazo la mkutano wa wakutubi Nairobi, siku nne, mwezi wa nane. Wanasema unaweza kutuma muhtasari wa kazi yako, ukikubaliwa unaweka bango unasimama pembeni unawaeleza watu. Niliandika usiku habari ya vitenge, Kiingereza changu cha kuungaunga, rafiki akanisahihishia, nikatuma nikasahau. Wiki tatu zilizopita imeingia imeili, wamenikubali. Imeanza na Dokta alafu jina langu. Anti, Dokta! Mi nina fomu foo, divisheni foo, na kozi ya kompyuta ya miezi sita. Nilicheka peke yangu ofisini alafu nikaanza kuogopa, maana kama wananikubali kwa sababu wanadhani ni Dokta, siku nikisimama pale wakajua mi sio Dokta itakuwaje?

Sababu ya kuogopa ipo. Mwaka jana nilienda Dar kwenye kikao cha siku moja cha mambo ya usomaji, cha bure, nililipa nauli yangu mwenyewe. Ile beji unajaza jina, taasisi na cheo, pale kwenye cheo nikaacha wazi. Wakati wa chai mama mmoja akanisogelea akaniuliza natoka taasisi gani, nikamtajia shule, akasema "aaah, sawa" akaenda kwa wengine. Sambusa yangu nimeilia nyuma ya nguzo. Jioni nimepanda basi sijaongea na mtu.

Sasa pesa. Tunacheza mchezo, tuko 12, laki moja kila mwezi, zamu yangu mwezi wa saba napokea milioni moja na laki mbili. Mkutano ukilipa kabla ya mwisho wa mwezi wa sita ni dola 150, ukichelewa ni dola 200, bado pasipoti, nauli, kulala, kula, kuchapa bango, nimepiga hesabu inagonga laki tisa. Lakini hela hiyo hiyo nilishaipangia mabati ya mama, chumba cha nyuma na jiko vinavuja. Mama hajasema kitu. Ila juzi mvua ya alfajiri imenyesha nimeamka nakuta ameweka sufuria pembeni ya kitanda changu na yeye amerudi kulala. Na hela hiyo hiyo ndo ningeanzia nayo ada ya cheti cha ukutubi Bagamoyo, maana bila cheti nitabaki kushika funguo tu.

Kaka yangu anasema nimechanganyikiwa. "Watu wanaenda mikutano kulipwa posho, we unaenda kulipa?" Mkuu wa shule naye amesema niende, ila hiyo wiki bila mshahara, na kwenye bango nitangulize jina la mwalimu wa taaluma kwa sababu yeye ana digrii, itaipa shule heshima. Mwalimu wa taaluma mtu mzuri, ila maktaba hajawahi kuingia hata kwa bahati mbaya. Kuna siku nawaza bora hivyo, angalau atakuwepo mtu mwenye digrii, wasije wakaniuliza Dokta yuko wapi.

Anti nifanye nini? Niende, nijenge, au nisome? Na je nikienda si nitakula tena sambusa nyuma ya nguzo?

Mimi, mshika funguo, Tanga

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu mshika funguo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikawa nahesabu. Mabati umeyataja mara moja, Dokta umemtaja mara tano. Kwa hiyo unaponiuliza hela iende wapi, nakuelewa, milioni moja na laki mbili ikigawanywa mara tatu haitoshi popote, lakini nadhani kinachokunyima usingizi ni kingine, unaogopa kufika mahali ukaonekana umejipenyeza. Pesa tutazihesabu. Tuanze na huyo Dokta maana amekaa mlangoni anazuia wengine wasipite.

Kabla hujaendelea kuhofia kwamba umewadanganya, hakikisha kwanza wao hawakudanganyi wewe. Usinielewe vibaya, sisemi ni matapeli, lakini siku hizi kuna mikutano ya hewa mingi, wanatuma imeili kwa kila mtu, kila mtu wanamwita Dokta au Profesa, kila muhtasari unakubaliwa, ukishatuma dola zako ndo mwisho. Na kuna mikutano ya kweli kabisa ambayo nayo inamwita kila mtu Dokta, kwa sababu katibu ameandika barua moja akabadilisha majina tu na hakutaka kumkosea Dokta hata mmoja. Utawatofautishaje? Angalia hela inaenda wapi, akaunti ya chama au namba ya simu ya mtu. Waandikie wanaohusika na chama cha wakutubi cha Kenya uwaulize kama mkutano huo wanaujua. Ukumbi ukitajwa, piga simu ukumbini uulize tarehe hizo kuna nini. Alafu hapo hapo Tanga kuna maktaba ya mkoa, lile jengo wazee bado wanaliita King George, ingia muulize mkutubi wa pale, hawa watu wanajuana na mikutano yao wanaifahamu. Kwa kweli hiyo ya mwisho ningependa uifanye hata kama mkutano wenyewe ungekuwa haupo, maana umeniandikia habari ya kwenda Nairobi kutafuta wakutubi na sijaona mahali ulipoandika umewahi kumsalimia wa mjini kwako. Labda ulishaenda hukuandika tu.

Ukishajua mkutano ni wa kweli, unajibu imeili mstari mmoja, asanteni nimepokea, mimi sio Dokta, naomba kwenye beji na ratiba mniandike Bi fulani. Bas. Sentensi hiyo itakusaidia kulala kuliko mawaidha yangu yote. Na wakikujibu vizuri umeshapata mtu mmoja wa kumtafuta siku ya kwanza.

Sasa yule mama wa Dar. Nimemfikiria sana huyu mama na "aaah, sawa" yake. Inawezekana ndivyo ulivyoona, alikupima akakuona mdogo akaondoka, watu wa hivyo wapo na hata Nairobi hawatakosekana. Lakini na mimi nikuulize, ulipomtajia shule uliendelea na sentensi au uliishia hapo? Maana "natoka shule fulani" na "natoka shule fulani, nimebandika vitenge kwenye vitabu kwa sababu havina mgongo wa kuweka namba" ni majibu mawili tofauti kabisa, la pili hata mimi nesi mstaafu limenifanya niweke chai chini. Na pale kwenye cheo uliacha wazi, ukampa mtu nafasi tupu, yeye naye hakujua aijaze na nini. Sikulaumu. Mkutano wangu wa kwanza wa wauguzi, Arusha, nilikaa karibu na mlango siku mbili kumwogopa jamaa mmoja mwenye suti na mkoba, nikimwona tu nabadilisha njia, siku ya tatu nikamkuta amepiga magoti chini ya meza anachomeka waya. Alikuwa mtu wa spika.

Hii safari ina kitu kimoja cha tofauti na ile ya Dar nacho ni bango. Nimempigia rafiki yangu aliyestaafu ukutubi nimuulize, akacheka akasema mtu mwenye bango ndo mwenye raha kuliko wote mkutanoni kwa sababu hahitaji kumfuata mtu, anasimama kwake wanakuja. Ila akasema pia nikwambie ukweli, wanaosimama kwenye bango sio wengi, wengi wanapita wanapiga picha wanakwenda kwenye chai, katika siku nne ukipata watu watano wa kuongea nao kwa maana, umepata. Wakutubi wa watoto kwenye hii mikutano huwa wachache, ukumbi unajaa watu wa vyuo vikuu na mambo ya mifumo ya kompyuta, lakini wale wachache wakionana hawaachani. Huyu rafiki yangu akanikumbusha na jambo jingine, kwamba IFLA, lile shirikisho la wakutubi la dunia, wana kitengo kizima cha maktaba za watoto na vijana, na kwenye ile ilani yao na UNESCO ya maktaba za umma ya mwaka 1994, katika orodha ya kazi za maktaba kitu cha kwanza kabisa kilichoandikwa ni kujenga mazoea ya kusoma kwa watoto tangu wadogo. Namba moja. Kwa hiyo wewe na mkeka wako sijui kwanini mnajihesabu watu wa mlango wa nyuma.

Na hao Wakenya unaowaendea, kule Garissa wana maktaba ya ngamia tangu 1996, vitabu vinafungwa kwenye maboksi vinapandishwa mgongoni kwa ngamia vinapelekewa watoto wa wafugaji porini. Nina uhakika hakuna aliyeanza kwa kuuliza ile namba ya Dewey kwenye ngamia inabandikwa wapi.

Lakini nisikupambe mno ukasahau upande wa pili, na hapa kaka yako tusimcheke. Anachosema kuhusu posho kina ukali lakini ndani yake kuna swali halali, kwamba ukirudi utakuwa na nini mkononi? Mkutano unaweza kukupa watu, mawazo na ile hamu ya kurudi kazini Jumatatu unakimbia, lakini hicho cheti cha kuhudhuria watakachokupa usikidanganyie nafsi, hakimfanyi mtu mkutubi. Kwenye ajira za serikali mkutubi msaidizi anaombwa diploma, mkutubi anaombwa digrii, hapo hakuna atakayeuliza habari ya vitenge. Kwa hiyo Bagamoyo unayoitaja ina hoja nzito. Chuo kile kipo chini ya bodi ya maktaba ya taifa, kina cheti na diploma, wengi wa maktaba zetu wamepita pale. Ila na chenyewe usikiendee kama ndoto, jina lake ni ukutubi na uhifadhi wa nyaraka, utakaa sana na katalogi na mafaili kabla mtu hajakwambia kaa kwenye mkeka uwasomee watoto. Na huko kwenye mkeka nani atabaki? Ukiondoka mwaka mzima funguo zitaletwa kwenye meza ya nani? Hilo sijaona umelifikiria, au umelifikiria ukaliogopa.

Tena umeandika kana kwamba mkutano na cheti vinagombea hela hii hii ya mwezi wa saba na kitakachoshindwa kimekufa. Hivi ni lazima? Ya Bagamoyo ni ada ya kulipa kwa muda mrefu, hata milioni na laki mbili yote ukiipeleka huko itakuanzisha tu, haitakumaliza, kwa hiyo bado utahitaji mpango mwingine. Na mikutano nayo haiishi. Wakutubi wa ukanda wetu, mashariki, kati na kusini mwa Afrika, wana mkutano wao wanaouita SCECSAL, ulianzia Dar mwaka 1974 na unazunguka nchi kwa nchi kila baada ya miaka miwili, hao IFLA wenyewe walishafika Nairobi 1984. Ukikosa huu wa mwezi wa nane hujakosa wakutubi wa dunia. Ila hapo hapo najua binti akiambiwa subiri mwakani kitu gani kinamtokea. Mwakani kuna mengine, ile barua uliyoiandika usiku unakuja kuisoma unaiona ya kitoto unaifuta. Yote mawili nimeyaona.

Kama utaamua kwenda, naona kuna njia za kuipunguza hiyo laki tisa kabla hujaitoa. Waulize kama wana punguzo kwa anayekuja mara ya kwanza au kwa mtu asiye na taasisi ya kumlipia, mengi hayaandikwi kwenye tangazo, anapewa anayeuliza. Uliza kama unaweza kulipia siku moja au mbili badala ya nne, ile ya bango na inayofuata. Tarehe ya kulipa kwa bei ndogo ni mwezi wa sita na zamu yako ni wa saba, kwenye mchezo kuna mtu anapokea mwezi wa sita, kaa naye mbadilishane, hiyo dola 50 sio ya kuichezea. Ukikopa kwa mtu ili uwahi, umeshaongeza shida ya nne kwenye tatu ulizonazo. Kuna na hatari nyingine ambayo wenye michezo hatupendi kuisema, watu 12 mwaka mzima, mmoja akiyumba mwezi wa sita wewe wa saba unapokea pungufu, kwa hiyo usilipe kitu kisichorudishwa kwa kutegemea hela ambayo haijafika mkononi. Nauli, kutoka kwako ni rahisi kuliko kuzungukia Arusha, basi mpaka Mombasa kupitia Horohoro alafu treni ya Mombasa Nairobi, tiketi ya treni uikate mapema inajaa. Kadi ya homa ya manjano uwe nayo mpakani. Na bango chapisha hapo hapo Tanga kwenye turubai, sio karatasi, ulisokote ndani ya bomba la plastiki la fundi bomba, rafiki yangu mkutubi anasema karatasi inafika Nairobi imekunjika kama shuka.

Na kama hutakwenda, waulize kama bango linaweza kwenda bila wewe, kuna mikutano inakubali mtu mwingine akubandikie au utume picha na sauti. Utakosa wale watu watano, hilo hakuna namna, lakini jina lako na vitenge vyako vitakuwa vimeingia kwenye kitabu chao.

Jina lako nimesema. Hili la mkuu wa shule nimeliacha makusudi maana ndilo nisilolipenda, na nikiwa silipendi jambo huwa najizuia kwanza. Jina la shule liwepo, ni haki yao, vitabu vyao, chumba chao, wamekupa ruhusa hata kama bila mshahara. Jina la mwalimu ambaye hajawahi kuingia, mwanangu, jiulize atajibu nini akiulizwa kwanini njano na sio nyekundu. Umesema kuna siku unawaza bora hivyo. Hiyo siku ndo inayonitia wasiwasi kuliko mkuu mwenyewe, kwa sababu mkuu anataka heshima ya shule, inaeleweka, ila wewe unataka kujificha nyuma ya digrii ya mtu kama ulivyojificha nyuma ya ile nguzo. Kuna njia ya katikati, kumshukuru mwalimu na mkuu kwa maandishi chini ya bango, wengi wanafanya hivyo na viongozi wanaridhika. Inawezekana pia mkuu akakataa akasema ni hilo au huendi, na yeye ndiye anayekulipa mwisho wa mwezi, siwezi kukwambia mgomee kisa mimi nimekaa kwangu na pensheni yangu. Hapo wewe ndo unajua mkate wako umekaaje. Ila zungumza naye kabla hujachapisha, sio baada.

Ngoja nikwambie kitu kidogo cha utoto wangu. Maktaba Kuu ya Dar aliifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, mimi niliikuta tayari ipo, nikiwa darasa la tatu tunatoka Kariakoo kwa miguu Jumamosi mpaka sehemu ya watoto. Pale mlangoni alikuwepo mama mmoja mwembamba, hakukuruhusu kugusa kitabu mpaka umemwonyesha mikono, juu na chini, ukiwa na embe kwenye kucha anakurudisha bombani. Tulikuwa tunamwogopa kama nini. Lakini ukishapita pale alikuwa anajua umeishia wapi, anakwambia kile chako cha wiki iliyopita kimerudi. Sijui alikuwa na cheti gani. Sikumbuki hata jina, na sasa naona aibu kwamba sikuwahi kumuuliza.

Sasa mama yako, nimemweka mwisho kwa sababu yeye hajaongea. Umeandika hela ulishaipangia mabati, umeandika mama hajasema kitu, alafu ukaniwekea sufuria. Hiyo sufuria wewe umeisoma kama barua ya madai. Mimi mama wa watoto wanne nimeisoma tofauti kidogo, nimeona mtu aliyeamka alfajiri mwanae asilowe alafu akarudi kulala. Inawezekana wote tumekosea. Je, anajua habari ya Nairobi? Anajua umekubaliwa? Sijaona mahali umemwambia, umemwambia kaka, umemwambia mkuu, umeniambia mimi nisiyekujua. Ukimwambia angalia usimuulize "mama niende au nikujengee", maana mama wa Kitanga ataitikia nenda tu mwanangu, na hiyo "nenda tu" ina sauti tatu tofauti na ni wewe peke yako unayezijua. Mweleze kwanza vitenge, mletee hata kitabu kimoja akione. Alafu kaeni mhesabu pamoja. Mvua za vuli zinaanza mwezi wa kumi, mkutano ni mwezi wa nane, kati hapo kuna miezi. Pengine chumba cha nyuma kinahitaji bati sita na jiko likavumilia na turubai, pengine mbao za juu zimeoza na ukipandisha bati jipya juu yake umetupa hela, fundi apande aangalie kabla hatujaendelea kugombania milioni moja ambayo hatujui paa linadai kiasi gani kati yake.

Fanya hilo wiki hii kama kuna siku ya jua, mkae nje na chai. Usingoje mvua inyeshe ukamuulizie pembeni ya sufuria.

Wako, Anti